Makofi Hukoma, Kazi Hubaki: Hotuba za Usanifu na Ubunifu Zatufunza Nini?

Wahenga walisema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Methali hiyo haikutungwa ili kuwafunga watu midomo. Ilitungwa ili kila anenaye aulizwe, baada ya kunena, ni jambo gani alilolitenda au alilowawezesha wenziwe kulitenda. Leo tumeona vema kuitumia methali hiyo kama kipimo cha jambo moja lililoenea sana miongoni mwa vijana wetu, nalo ni kusikiliza hotuba zinazohusu usanifu, ubunifu na mambo ya intaneti.

Msomaji atakuwa amewaona vijana hao. Wanne au watano huizunguka simu moja, mmoja wao ameishika, wengine wameinama juu ya bega lake. Katika simu yumo mtu amesimama jukwaani, hana karatasi mkononi, anasimulia jinsi alivyobuni kitu fulani. Baada ya dakika chache watu ukumbini wanasimama na kumpigia makofi, na vijana wetu nao wanatikisa vichwa kwa furaha. Kisha hutafutwa hotuba nyingine.

Mikutano iliyozipa hotuba za namna hiyo umaarufu mkubwa ilianzishwa California, Marekani, mwaka 1984, na Bwana Richard Saul Wurman, msanifu wa majengo, akishirikiana na Bwana Harry Marks. Ikaitwa TED, yaani herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya teknolojia, burudani na usanifu. Msemaji hupewa dakika zisizozidi 18. Kwa miaka mingi waliozisikia ni wale tu walioweza kulipa kiingilio kikubwa, lakini tangu mwaka 2006 hotuba zilianza kuwekwa katika intaneti ili kila mtu azitazame bila malipo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuelewane juu ya neno usanifu. Hatuna maana ya mapambo. Twakusudia ile kazi ya kuamua, kabla kitu hakijatengenezwa, kitakuwaje, kitamfaa nani, kitashikwaje na kitagharimu kiasi gani. Anayechonga mpini wa jembe ukamkaa mkulima mkononi bila kumtoa malengelenge ni msanifu. Anayepanga maandishi na picha katika ukurasa wa intaneti, ili mama aliye mbali na hospitali aone upesi ni dawa gani ampe mwanawe, naye ni msanifu. Kazi zao ni moja, zana ndizo mbalimbali.

Swali letu basi ni hili: hotuba juu ya kazi hiyo humwachia nini yule aliyeisikia? Ili kulijibu hatuna budi kuzitazama baadhi ya hotuba zilizopata kutolewa, tuone zilipokewaje siku zilipotolewa, na tuone pia yaliyotokea baadaye.

ORODHA YA SOKONI MBELE YA WATAALAMU

Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, wataalamu wa kompyuta wapatao 1,000 walikusanyika kumsikiliza Bwana Douglas Engelbart wa Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Siku hizo kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba. Watu waliipelekea hesabu zao kwa kadi zilizotobolewa matundu, kisha wakangoja majibu.

Bwana Engelbart aliketi kwenye meza yenye kioo na vibonye, akavaa kipaza sauti kichwani, na kwa muda wa dakika 90 akafanya mambo ambayo wengi ukumbini hawakuwa wamepata kuyaona. Aliandika maneno kwenye kioo, akayafuta, akayahamisha. Aligusa neno moja likamfungulia maandishi mengine. Alizungumza na mwenzake aliyekuwa mji mwingine, umbali wa kilometa zipatazo 50, sura ya mwenzake ikionekana kwenye kioo, na wote wawili wakashughulikia ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Mkononi alikuwa na kidude ambacho mfano wake wa kwanza, uliotengenezwa na mwenziwe Bill English mwaka 1964, ulikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake na waya mfano wa mkia. Wakakiita panya. Leo sisi twakiita kipanya, na hakuna mtoto wa shule yenye kompyuta asiyekijua.

Jambo linalotupendeza zaidi ni mfano aliouchagua. Hakuonyesha hesabu za roketi. Alionyesha orodha ya vitu vya kununua sokoni, akaipanga mbele yao: matunda mahali pake, vyakula vya makopo mahali pake. Mtu yeyote aliyepata kutumwa dukani aliweza kumwelewa. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama na kumshangilia.

Msomaji atadhani kwamba baada ya makofi hayo Bwana Engelbart alipata fedha na heshima. La hasha. Katika miaka ya 1970 fedha za maabara yake zilipungua, wasaidizi wake wengi wakahamia kwingine, na kabla ya muongo huo kwisha maabara yenyewe ikauzwa. Watu wa kawaida walikuja kukizoea kipanya baada ya kompyuta ya Macintosh kutolewa mwaka 1984, miaka 16 tangu siku ile ya shangwe. Methali ya chema chajiuza ni ya kweli, lakini mara nyingine soko lake huchelewa sana kufunguliwa.

WALIOONDOKA UKUMBINI

Wakati Bwana Engelbart alishangiliwa, msanifu mwingine wa zama hizo alikimbiwa. Huyo ni Bwana Victor Papanek, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1971 kitabu chake juu ya usanifu kwa ajili ya ulimwengu halisi kilichapishwa kwa Kiingereza. Pamoja na mwanafunzi wake alikuwa ametengeneza redio ndani ya kopo lililokwisha kutumiwa. Haikuhitaji betri wala umeme. Nguvu yake ilitokana na joto la nta au kinyesi kikavu cha ng'ombe kilichochomwa ndani ya kopo, na gharama yake ilikuwa senti chache tu za Kimarekani. Ilikusudiwa kwa wanavijiji wasio na fedha wala umeme, na ilipelekwa kutumiwa huko Indonesia.

Kwa maelezo yake mwenyewe, alipowaonyesha wakufunzi wa chuo mashuhuri cha usanifu cha Ulm, Ujerumani, picha za redio hiyo, karibu wote waliondoka ukumbini. Waliiona mbaya wa sura. Walisema angalau ingepakwa rangi. Yeye akakataa kuipaka, kwa sababu, alisema, hakuona haki ya kuwaamulia watu wa Indonesia kitu gani ni kizuri. Na kweli, wenyeji walipoipata waliipamba wenyewe kwa vitambaa, vipande vya kioo na makombe ya pwani, kila mmoja kwa namna aipendayo.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Wale mabingwa walihesabu kwamba kazi ilikuwa haijakamilika. Bwana Papanek naye aliiacha hivyo kwa makusudi, ili mtumiaji apate nafasi ya kutia mkono wake. Kuondoka kwao hakukuipunguzia redio hata wimbi moja la sauti.

ALIYENYIMWA JUKWAA

Tukio la tatu twalichukua kutoka kwenye historia ya wavuti, yaani ule utaratibu wa kurasa zilizounganishwa ambao watu wengi huuita intaneti, ingawa intaneti ni njia na wavuti ni mojawapo ya magari yapitayo katika njia hiyo. Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa nyuklia cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Watafiti wa huko walitoka nchi nyingi, kila mmoja na kompyuta ya aina yake, na maarifa yalipotea kila mtu alipoondoka kurudi kwao. Mwezi Machi mwaka 1989 aliandika pendekezo la kuziunganisha habari zote hizo. Mkuu wake, Bwana Mike Sendall, aliandika pembeni kwamba pendekezo halikuwa wazi sana, ila linasisimua. Lakini hakulitupa kapuni, na mwishoni mwa mwaka 1990 ukurasa wa kwanza ulikuwa ukifanya kazi.

Mwezi Desemba 1991 ulifanyika mkutano wa wataalamu wa maandishi yaliyounganishwa katika mji wa San Antonio, Texas. Bwana Berners-Lee na mwenzake, Bwana Robert Cailliau wa Ubelgiji, walipeleka karatasi yao. Wenye mkutano waliikataa. Hawakupewa nafasi ya kuhutubia. Walichoruhusiwa ni kuonyesha kazi yao mezani, pamoja na wengine wengi. Hoteli haikuwa na intaneti, ikawabidi waombe waya wa simu uvutwe hadi ukumbini na chuo kikuu cha jirani kiwakubalie kuunganishwa. Ndivyo wavuti ulivyobishiwa hodi. Bwana Berners-Lee alikuja kueleza kwamba miaka miwili baadaye, katika mkutano kama huo, kila kazi iliyoonyeshwa ilikuwa na uhusiano na wavuti.

Ni kitu gani kilichotokea kati ya mikutano hiyo miwili? Tarehe 30 Aprili 1993 kituo cha CERN kilitangaza kwamba programu za wavuti ni mali ya umma, mtu yeyote azitumie na kuzitengeneza upya bila kulipa hata senti. Miezi michache kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilichokuwa na utaratibu wake wa kupata habari ulioitwa Gopher, na uliokuwa ukipendwa sana, kilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji watatozwa ada. Watu wakaanza kuukimbia. Mmoja alifungua mlango, mwingine alitia komeo. Nasi twajua ni nyumba ipi iliyojaa wageni.

Tarehe 27 Julai 2012, wakati wa kufunguliwa kwa michezo ya Olimpiki mjini London, Bwana Berners-Lee aliketi katikati ya uwanja mbele ya kompyuta, na maneno yake yakang'aa kwa taa kuuzunguka uwanja wote: kitu hiki ni cha kila mtu. Ilikuwa hotuba ya sentensi moja tu. Ilikuwa na uzito kwa sababu mwenye kuitoa alikuwa amekwisha kuitekeleza miaka 19 kabla.

KIJANA WA MALAWI JUKWAANI ARUSHA

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Tusogee basi karibu na nyumbani. Mwezi Juni mwaka 2007 mkutano wa TED ulifanyika Arusha, Tanzania. Miongoni mwa waliosimama jukwaani alikuwamo kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyekuwa bado hajatimiza umri wa miaka 20.

Habari zake zafaa kusimuliwa kwa ukamilifu. Mwaka 2001 na 2002 njaa kali iliipiga Malawi. Wazazi wake, wakulima wa wilaya ya Kasungu, walishindwa kulipa karo ya shule ya sekondari, ambayo ilikuwa dola zipatazo 80 kwa mwaka, na kijana akarudishwa nyumbani. Akawa akienda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Humo alikikuta kitabu cha Kimarekani cha sayansi chenye picha ya mitambo ya upepo. Kiingereza chake kilikuwa haba, hivyo akaanza na picha, kisha akatafuta maneno yaliyoambatana nazo.

Alikwenda jalalani. Kutoka huko na kwingineko alipata feni ya trekta, kifaa cha kuzuia mitikisiko ya gari, mabomba ya plastiki ambayo aliyapasha moto na kuyabapaza yawe mapanga, na baiskeli mbovu pamoja na dainamo. Mnara aliusimamisha kwa miti ya mkaratusi. Wanakijiji walimcheka, wengine walidhani amerukwa na akili. Mapanga yalipozunguka, taa iliwaka. Baadaye taa nne na redio mbili zilikuwa zikifanya kazi nyumbani kwao, kila taa na swichi yake. Akatengeneza hata kifaa cha kukata umeme pindi kukitokea hatari, kwa kuiga jinsi kengele ya umeme ifanyavyo kazi.

Pale Arusha hakutoa hotuba ya kupangwa. Alikuwa hajapata kutoka nje ya nchi yake, wala kutumia kompyuta. Mwenye kuongoza mkutano, Bwana Chris Anderson, alimuuliza maswali, naye akajibu kwa maneno machache ya Kiingereza cha kujikaza: kwamba alikiona kitabu, akajaribu, akafanikiwa. Basi. Ukumbi ulisimama.

Liko jambo lingine la ajabu katika kisa hicho. Kijana huyo aliyekuwa hajaiona intaneti aliletwa Arusha na intaneti. Gazeti la Malawi liliandika habari zake mwaka 2006, habari hizo zikasambazwa katika kurasa za wavuti, hata zikamfikia Bwana Emeka Okafor, Mnaijeria aliyekuwa akiwatafuta wasemaji wa mkutano. Mlango ambao Bwana Berners-Lee aliuacha wazi mwaka 1993 ndio huo uliopitisha habari za kijiji cha Kasungu mwaka 2006. Waliomsikia walichanga fedha akarudi shuleni, na mwaka 2014 alihitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth huko Marekani.

Katika mkutano huo huo wa Arusha alizungumza pia Bi. Ory Okolloh, mwanasheria kutoka Kenya. Miezi michache baadaye, kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yake iliingia katika ghasia na mauaji. Mapema mwezi Januari 2008 yeye alitoa wazo la kuwa na ramani katika wavuti ambayo wananchi wangeweza kuipelekea taarifa za yale waliyoyaona. Mabwana Erik Hersman na David Kobia, pamoja na Bi. Juliana Rotich, wakashirikiana naye, na kwa siku chache tu kazi ikawa tayari. Wakaiita Ushahidi. Taarifa zilipokewa kwa ujumbe wa simu na kwa intaneti. Kisha programu yenyewe wakaitoa bure, na tetemeko la ardhi lilipoibomoa Haiti tarehe 12 Januari 2010, ilitumiwa huko kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada. Neno la Kiswahili likasafiri hadi visiwa vya Karibi likiwa limebebwa na kazi.

Hatusemi kwamba hotuba za Arusha ndizo zilizoizaa Ushahidi. Wahusika walikuwa na ujuzi wao na uchungu wa nchi yao. Tunachosema ni kwamba ilipofika siku ya kutenda, walikuwako watu waliokwisha kujuana na kuzoea kuulizana wewe unatengeneza nini.

ASALI ISIYOSHIBISHA

Hata hivyo si haki kuzisifu hotuba hizi bila kutaja ila zake. Mwezi Desemba 2013, katika mkutano uliofanyika San Diego chini ya jina hilo hilo la TED, Profesa Benjamin Bratton alipanda jukwaani na kulishambulia jukwaa lenyewe. Alisimulia habari za rafiki yake, mtaalamu wa nyota, aliyekwenda kuomba fedha za utafiti kwa tajiri mmoja. Tajiri akamnyima kwa kuwa maelezo yake hayakumsisimua. Akamtaka afanane na mwandishi fulani mashuhuri wa visa vitamu. Profesa akauliza: je, sayansi nayo sasa sharti iwe burudani ndipo ipewe riziki? Yeye aliona kwamba hotuba nyingi humpa msikilizaji hisia ya kuwa jambo limetatuliwa, hali hakuna lililotatuliwa.

Shutuma hizo ni nzito, nasi twaona zina ukweli. Hotuba tamu ni kama asali: mtu huweza kuilamba kutwa nzima, na jioni akalala na njaa. Tena hotuba huweza kusikika vibaya. Mwaka 2005 Bwana Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aliwahutubia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Alieleza jinsi alivyoacha masomo ya chuo alipokuwa kijana. Ni wangapi waliolishika neno hilo moja na kuliacha lililofuata? Aliendelea kusema kwamba baada ya kuacha masomo ya lazima alibaki chuoni hapo na kuhudhuria darasa la hati nzuri, akajifunza nafasi kati ya herufi na herufi, na miaka kumi baadaye ujuzi huo ukaingia katika maandishi ya kompyuta ya Macintosh. Asiyesikiliza hadi mwisho huondoka na kisa cha mtu aliyetoroka shule. Aliyesikiliza huondoka na kisa cha mtu aliyeketi chini ya fundi wa kalamu.

Mwingine aliyesikilizwa na mamilioni ni hayati Ken Robinson, Mwingereza, aliyezungumza mwaka 2006 juu ya shule na ubunifu. Alisimulia habari za Gillian Lynne, ambaye alipokuwa mtoto walimu walimwona mzito wa kujifunza kwa kuwa hakutulia kitini. Alipelekwa kwa daktari. Daktari akawasha redio, akatoka na mama mtu, wakamchungulia: mtoto alikuwa akicheza ngoma. Daktari akamshauri mama ampeleke shule ya kucheza, na yule mtoto akaja kuwa mtungaji mashuhuri wa ngoma za jukwaani. Wengi hulia wanaposikia kisa hicho. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika chumba kimoja afanye nini kesho asubuhi? Hapo hotuba hunyamaza. Inambidi msikilizaji mwenyewe aanze pale iliponyamaza.

TUFANYEJE SISI?

Tukiyajumlisha hayo yote, twaona kwamba makofi si kipimo. Yalimwagikia Bwana Engelbart na bado maabara yake ikafifia. Bwana Papanek alikimbiwa na redio yake ikasikika. Bwana Berners-Lee alinyimwa jukwaa, na wavuti ukaienea dunia. Kilichowafanya watu hao wakumbukwe ni kwamba kila mmoja alikuja na kitu ambacho watu waliweza kukiona, na kila kilipoachwa wazi ili wengine wakishike, kilizaa. Hotuba ya kweli juu ya usanifu ni ile inayomkabidhi msikilizaji kipande cha kazi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki mafundi si haba. Wako wanaoyaunda madau na majahazi pwani ya Lamu bila mchoro wowote wa karatasi, wako wachongaji wa milango ya Unguja, wako mafundi wa jua kali wageuzao vyuma chakavu kuwa majiko na mashine za kukoboa. Wako pia vijana wanaotengeneza programu za simu. Lakini fundi wetu kwa desturi hasemi. Mwanagenzi hujifunza kwa kutazama, mwaka hadi mwaka, na baadhi ya siri huzikwa pamoja na wenyewe. Wale wasemao, kwa upande wao, aghalabu hawajashika patasi. Matokeo yake ni kwamba vijana wanamjua fundi wa California aliyekufa zamani na hawamjui aliyeko mtaa wa pili.

Tena kuna jambo la lugha. Hotuba nyingi zinazosikilizwa ni za Kiingereza. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 watu wa kujitolea wamekuwa wakizitafsiri kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, nao wanastahili pongezi. Lakini maelezo yaliyotafsiriwa si sawa na maelezo yaliyozaliwa katika lugha ya karakana yenyewe, yenye majina ya zana tunazozishika. Kijana wa Wimbe alifaulu kwa kuanza na picha kwa sababu maneno yalimpiga chenga. Ni wangapi wengine walioufunga ukurasa wasirudi tena?

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa walimu, wakuu wa vyuo vya ufundi, viongozi wa vijana na wenye kumbi za jamii. Kila mwezi aalikwe fundi mmoja, mwanamke au mwanamume, aje na kitu alichokitengeneza. Asiombwe kusimulia mafanikio yake. Aombwe kukifungua kile kitu mbele ya watu na kueleza kwa Kiswahili chepesi: kwa nini mguu huu ni mfupi, kwa nini alitumia bati badala ya chuma, lilivunjika mara ngapi kabla halijasimama, nani alilitumia na akalalamika nini. Mtengenezaji wa ukurasa wa wavuti naye afanye vivyo hivyo, aonyeshe ukurasa wake wa kwanza uliokuwa haueleweki na ule wa sasa, na sababu ya kila badiliko. Dakika 18 zinatosha. Kisha, badala ya makofi, wasikilizaji wasogee karibu na meza, wakishike kitu, wakigeuze, waulize.

Na yatakayosemwa yaandikwe, yachorwe, yawekwe katika maktaba na katika wavuti bila malipo, ili mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo ayakute. Hatujui jina lake, wala kijiji chake. Lakini mapanga ya Kasungu yalizungushwa na kitabu kimoja kilichokuwa rafuni, na kitabu hicho kilikuwako kwa sababu kuna mtu aliyekiandika na kuna mwingine aliyekipeleka. Vijana wanaoizunguka simu moja jioni ya leo wanastahili kusikia hotuba nzuri, nao tusiwanyime. Ila ikiisha, waiweke simu mfukoni na kuulizana swali moja kabla hawajatafuta nyingine: katika aliyoyasema huyu, ni lipi tuwezalo kulijaribu kesho kwa vitu vilivyopo hapa?